Blogu ya Kiti Kifupi

Nilifungua blogu kwa sababu ya kiburi. Wengine husema walianza kuandika ili kuponya moyo, au kuwaachia watoto kumbukumbu. Mimi sina sababu nzuri namna hiyo. Huko Kivu nilikuwa mwalimu wa darasa la tano, na barua za shule nzima niliziandika mimi kwa sababu mkuu wa shule alikiri hadharani kwamba kalamu yangu inampita. Halafu vita vikatutawanya, nikajikuta Kisugu, Kampala, nimekaa kibarazani na kitana mkononi, nasuka vichwa vya watu. Hakuna aliyejua kwamba naweza kuandika sentensi ikasimama wima. Jambo hilo liliniuma kuliko kulala na njaa, na njaa naijua.

Basi mwaka juzi nikasikia kanisani kwamba kuna mafunzo ya bure, Jumamosi tatu, ya kufungua blogu kwa simu. Nikaenda. Aliyefundisha alikuwa mama mmoja wa Kikenya mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, mtu mchangamfu, Kiswahili chake cha redioni kabisa. Alituonyesha pa kubonyeza, pa kuandika kichwa, pa kuweka picha. Kazi hiyo iliisha Jumamosi ya kwanza. Jumamosi mbili zilizobaki zilikuwa za swali moja tu: utaandika nini.

Alitupa mashauri yake. Kuwa na daftari la mawazo, usilale bila kuandika hata moja. Chagua msomaji mmoja kichwani, umwandikie huyo. Toa makala kila Jumatatu, hata kama hakuna anayesoma. Andika unachokijua wewe, usiige. Mwishoni akasema mficha uchi hazai, wote tukacheka, na mimi nikaliandika neno hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na kulipigia mstari. Nililielewa vizuri. Tatizo ni kwamba sikuwahi kujiuliza ni uchi wa nani.

Blogu niliiita Kiti Kifupi. Kibarazani kwangu kuna viti viwili, kirefu changu na kifupi cha mteja, ambaye hukaa chini mbele ya magoti yangu. Nilidhani jina zuri litaleta mawazo mazuri. Wapi. Makala ya kwanza ilikuwa namna ya kupaka mafuta nywele zilizokauka. Ya pili, namna ya kutwanga sombe, yaani majani ya muhogo, bila kuiacha na uchungu. Ya tatu nilikwenda hadi Ggaba, kwenye mwalo wa wavuvi, kutafuta wazo. Nikasimama kati ya mitumbwi na meza za samaki na daftari langu kama mkaguzi wa serikali, mpaka mwanamke mmoja wa samaki akaniuliza kwa Kiganda kama nanunua au nahesabu. Nikarudi na sato wawili, wazo hakuna. Ya nne niliandika kuhusu Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya mjini, jinsi nilivyokwenda kununua nywele za bandia nikakanyagwa na mchukuzi mwenye katoni tatu kichwani, naye ndiye aliyenitukana. Niliiona kuwa makala ya kuchekesha sana. Ilisomwa na watu wanne, mmoja wao akiwa mimi, nimeifungua kuangalia kama ipo.

Nilianza kuwachukia wasomaji ambao sikuwa nao.

Sasa nimtaje mtu ambaye habari hii ni yake. Alikuwa mteja wangu wa kwanza Kampala, naye anakaa chumba cha tatu kutoka kwangu. Ananizidi miaka kama minane, kwa hiyo nilimwita yaya, ambaye kwetu ni dada mkubwa, si mlea watoto wa watu kama wanavyodhani Wakenya. Yeye aliniita mwalimu. Katika Kampala nzima ni yeye peke yake aliyeniita hivyo, na kila aliponiita niliketi wima kidogo. Hakusoma. Anajua kuandika jina lake na tarakimu, basi. Anafua nguo za watu kwa mabeseni mawili ya bluu, na analo la tatu la kijani, lenye ufa ulioshonwa kwa uzi wa nyavu, asilolitia maji. Linakaa juu ya sanduku lake, limefunikwa kitambaa.

Asiyeishi maisha yetu lazima aelezwe jambo moja. Mkimbizi anayeomba kupelekwa nchi nyingine huitwa ofisini kusimulia yaliyompata. Sisi tunaita hiyo historia yako. Utaisimulia mwaka huu, na utaisimulia tena baada ya miaka miwili mbele ya mtu mwingine, na wa pili ana maandishi ya wa kwanza mezani. Ukisema jioni pale uliposema asubuhi, unaonekana mwongo. Kwa hiyo watu hufanya mazoezi. Wengine hufanya kanisani na mchungaji, wengine na mume kitandani. Yaya alifanyia kwenye kiti kifupi.

Kusuka nywele ndogo ndogo huchukua saa tano. Mtu aliyeinamisha shingo saa tano, hauoni uso wa anayemsikiliza, husema hata yale asiyomwambia padri. Siri ya mtungi aijuaye kata. Yaya alinisimulia historia yake mara nne, mwanzo hadi mwisho, na mimi mwalimu nikamsahihisha. "Hapo mara ya mwisho ulisema kizuizi cha pili, yaya, si cha kwanza." Alinishukuru. Nikaijua kuliko nilivyoijua yangu mwenyewe.

Historia ilikuwa hii. Kijiji kilipovamiwa alikimbia na mtoto wa kike wa miezi mitano. Barabarani kulikuwa na vizuizi vya watu wenye bunduki, na akina mama waliokuwa mbele walirudi mbio wakisema kwamba mwenye mtoto mgongoni anazuiwa. Akamlaza mtoto ndani ya beseni la kijani, akamfunika kwa majani ya sombe, akajitwika. Mtoto alilia kidogo, kisha akanyamaza. Yaya akapita kizuizi cha kwanza na cha pili kama mama anayetoka shambani. "Nilikuwa namshukuru Mungu vile ametulia," alikuwa akisema, kila mara kwa maneno hayohayo, na kila mara mikono yangu ilisimama. Alipolitua beseni ng'ambo ya mto, mtoto alikuwa amekufa, na hakujua ni lini.

Kulikuwa na sehemu moja tu ambayo hatukukubaliana. Mume wake alibaki nyuma siku ile na hajaonekana tena, sasa miaka minane. Nilimshauri aseme amekufa, kwa sababu ofisi hupenda jambo lililokamilika. Alikataa katakata.

"Sijaona mwili," alisema. "Nitasema hayuko. Hayuko si uongo."

Nikamwacha na hayuko yake.

Jumatatu moja ikafika nami sina kitu. Daftari la mawazo lilikuwa na mistari mitatu: mvua, bei ya mkaa, mbwa wa jirani. Nilitazama hiyo mvua na huyo mbwa mpaka nikatamani kulia kwa hasira. Halafu nikaanza kuandika historia ya yaya. Sikuchukua hata saa mbili. Sikutaja jina lake, nikabadilisha kijiji, nikabadilisha mto, mtoto nikamfanya wa kiume. Nilijiambia kwamba nimemficha vya kutosha. Lakini beseni nililiacha lilivyo. Rangi yake niliiacha vilevile, na majani ya sombe, na neno la kumshukuru Mungu. Nilijua kabisa kwamba bila hivyo makala itakuwa kama ile ya mafuta ya nywele. Fundi anajua msumari ulipo, na mimi nilikuwa fundi.

Ilipofika Jumatano simu yangu ilikuwa haipoi. Watu walikuwa wameikata makala na kuibandika kwenye makundi ya simu, ya Wakongo wa Kampala, ya Wakongo wa Nairobi, ya akina mama wa maombi. Mtu mmoja aliisoma kwa sauti, akairekodi na kinanda nyuma yake. Wanawake walinisimamisha njiani bila kujua ni mimi, wakaniuliza kama nimesikia habari za mama wa beseni. Nilifurahi, sitaficha. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Nilipita mlangoni kwa yaya, nikamsalimia, naye akanijibu akikamua shuka la mtu, na mimi nikaendelea na furaha yangu. Simu yake ni ile ya vitufe, haina habari na mambo hayo.

Mtu mmoja alinionya. Ni mke wa askari polisi, mtu wa kaskazini, anayekuja kusukwa kila mwisho wa mwezi. Kiswahili chake amekizoa kwenye kambi za polisi. Siku hiyo alikaa kwenye kiti kifupi na simu yake mkononi, akaisoma makala yote kimya, kisha akaigeuza ili niione.

"Mama Congo, hii mama ya beseni, si ni hii rafiki yako ya pale?"

"Ni hadithi tu," nikasema.

"Hadithi gani? Mimi iliona ile beseni. Iko na uzi ya kushona." Akaiweka simu pajani. "Sisi kwa kambi, mutu akilia kwa nyumba yako, kilio yake inabaki kwa nyumba yako. Toa hiyo kitu."

"Nitaitoa."

Sikuitoa. Asubuhi ileile msomaji mmoja nisiyemjua alikuwa ameniandikia kwamba nina kipaji, na kwamba anasubiri Jumatatu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu lililovunjika halikuwa langu, ndiyo maana sikusikia maumivu.

Miezi saba ikapita. Yaya akaitwa kwenye mahojiano ya mwisho, yale ambayo mtu akitoka huko huanza kugawa vyombo vyake. Nilimsuka mistari sita ya kwenda nyuma, ya heshima, isiyo na mbwembwe. Tulifanya mazoezi mara ya mwisho. Hakukosea mahali hata pamoja. Alipoondoka asubuhi alivaa kitenge changu, kwa kuwa chake kilikuwa kimechujuka, na akaniomba nimwombee. Nikamwombea kwa moyo safi kabisa. Hata leo ninapokumbuka jinsi nilivyopiga magoti siku ile, najichukia.

Alirudi kabla ya saa tisa. Hakusalimia. Akakaa kwenye kiti kifupi, akanipa mgongo.

"Fumua," akasema.

"Yaya, nimesuka jana tu."

"Fumua, mwalimu."

Nikachukua kitana, nikaanza kufumua mstari wa kwanza. Alisimulia akitazama ua. Alikuta mama mmoja mwenye kompyuta, na mkalimani pembeni. Walimsikiliza vizuri mpaka kwenye kizuizi. Aliposema beseni, mama wa kompyuta akaacha kuandika.

"Akaniuliza la rangi gani. Nikasema kijani. Akamwangalia mkalimani. Mkalimani akaangalia chini. Akasema, mama, wewe ni wa tatu kutuletea beseni hili. Nikasema ninalo nyumbani, nikalilete? Akasema mabeseni ya kijani yako soko lote, na kwenye maandishi yangu ya kwanza waliandika tu mtoto alifia njiani, beseni halimo. Halafu akaniuliza nimeisoma wapi." Akarudia. "Mimi, mwalimu. Nimeisoma wapi."

Mikono yangu ilikuwa inaendelea kufumua yenyewe.

"Kuna wanawake wawili wamemlilia mtoto wangu mbele ya wale watu," akasema. "Wamemlilia mtoto ambaye mimi ndiye nilimtua chini. Wanawake gani hao? Nilimwambia nani? Nilikwambia wewe tu."

Hakusema hivyo kwa kunishuku. Hapo ndipo pabaya zaidi. Alikuwa akihesabu watu, kama mtu aliyepoteza ufunguo, akanitaja ili aniondoe kwenye hesabu.

Nikamwambia. Niliyasema yote nikiwa nimeshika nywele zake, blogu, Jumatatu, mbwa wa jirani, makundi ya simu, mke wa polisi. Sikumwomba msamaha hapo, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa dogo na nilikuwa naliona dogo. Hakugeuka. Shingo yake ilibaki imeinama vilevile. Nilingoja anitukane, anipige hata kofi, Mungu wangu ningemshukuru.

"Kumbe ndiyo watu walikuwa wanaiimba," akasema mwishoni. "Mimi nilikuwa nafua, nikasikia kwenye redio ya simu ya mtu, mama wa beseni, mama wa beseni. Nikasema, maskini, kumbe kuna mwingine." Kisha akasema, "Maliza kufumua."

Nikamaliza. Akakunja kitenge changu, akakiweka juu ya kiti, akaenda kwake.

Nilifuta makala siku hiyo hiyo. Sikupata nafuu yoyote, kwa sababu maji yakimwagika hayazoleki, na mpaka leo ile sauti yenye kinanda inazunguka. Kesho yake nikaenda kwenye ofisi ya wale waliomhoji kutoa ushahidi. Siku mbili niliishia kwa mlinzi wa geti. Siku ya tatu nikaambiwa niandike barua, nikaandika, na hiyo barua nadhani ndiyo kitu bora nilichowahi kuandika maishani. Nilieleza kila kitu, nikaweka namba yangu ya ukimbizi na dole gumba. Jibu lilikuja kwa mdomo, kupitia karani mpole aliyetoka na kunikuta kwenye benchi.

"Mama, umethibitisha kwamba ilikuwa kwenye mtandao miezi saba kabla hajaja," akasema. "Sasa hapo umemsaidia vipi?"

Nilirudi Kisugu kwa miguu.

Kwa wiki tatu yaya hakupita kibarazani kwangu. Alizungukia nyuma, kwenye mtaro wa maji machafu, akiwa na nguo za watu begani. Nywele zake alizifunga kitambaa. Mimi blogu niliiacha bila kuandika kitu, na msomaji yule wa kipaji akaniuliza kama niko mgonjwa. Sikumjibu.

Wiki ya nne, saa nne za asubuhi, jua limeshapanda, alikuja. Alikuwa na daftari jipya la karatasi arobaini na kalamu. Akakaa kwenye kiti kifupi, ila safari hii alinielekea. Miaka yote ile sikuwahi kumwona uso akiwa pale chini.

"Wale watu waliniuliza kama nina kitu kingine cha kusema," akasema. "Wamenipa mwezi mmoja kuongeza. Umebaki wiki moja. Mimi nilikuwa nacho kimoja tu, mwalimu, na wewe umekigawa. Kwa hiyo niandikie kingine."

"Yaya, kingine kipi?"

"Mume wangu. Tumwue." Alisema polepole, kama mtu anayeagiza kitu dukani asichokipenda. "Ulisema tangu mwanzo wanapenda jambo lililokamilika. Haya. Andika vile alivyokufa, na mimi niko pale ninaona. Weka kitu kama lile beseni, kitu ambacho mtu akisikia ataamini. Hicho wewe unakijua, mimi sikijui."

"Siwezi," nikasema.

"Bila kuombwa uliweza."

Nilitazama daftari. Nilitaka kumwambia kwamba wakigundua watamfungia faili kabisa, na nilimwambia. Akasema faili ni kama limefungwa tayari. Nilitaka kumwambia kwamba miaka minane amekataa neno hilo moja, na kwamba labda yule mtu yuko hai mahali, anamtafuta. Hilo sikulisema. Aliliona usoni kwangu, akatikisa kichwa mara moja.

Nikachukua kalamu. Nilifungua ukurasa wa kwanza, nikauliza kama ninavyouliza siku zote ninapoanza, kwa sababu sijui namna nyingine ya kuanza.

"Siku hiyo alivaa nini?"

Hapo akafikiri. Uso wake ukalegea kidogo, na kwa muda nikamwona akimtazama mtu aliyesimama nyuma yangu.

"Shati la bluu," akasema. "Kifungo cha pili kilikuwa cheupe, kile cha kwake kilipotea shambani. Nilimshonea mimi."

Akangoja mpaka aone nimeandika.